Bila Kuongeza, Bila Kupunguza

Singida Mjini,
3 Juni 2024

Mama Editha, wifi yangu,

Natumaini mko salama huko Iguguno na alizeti imeshaingia ndani. Mimi ni mzima, isipokuwa masikio, ambayo yameamua kufunga duka kabla yangu. Juzi mdogo wangu Paschal alinipigia simu, nikaongea naye weee, nikamwaga na mafumbo, kumbe alishakata zamani. Wateja wanaomba kitenge cha bei nafuu mimi nawatolea cha bei juu, na wao wanadhani nina kiburi. Kwa hiyo simu basi. Tutaandikiana kwa kalamu, na barua atabeba Gerald, kondakta wa basi linalopita hapo kwenu. Meseji zenu za kukatakata maneno sizitaki.

Sasa jambo lenyewe. Ukoo mzima unanijia dukani. Wanasema mke wa Paschal amemtoa mtoto shuleni, eti anamfundishia jikoni kwa kumsomea na kumwambia asimulie, kama vile shule ni ngano. Mratibu elimu kata wenu nasikia naye ameshapiga hodi. Nimewaambia waniachie, nitakukagua mwenyewe mimi shangazi mtu. Kila wiki Editha akisimulia alichojifunza, uandike alivyosema, neno kwa neno. Usimpambie. Bila kuongeza, bila kupunguza. Nikiona anaelimika nitawafunga midomo wote. Nikiona anapotezewa muda, shule zikifunguliwa Julai anakuja kwangu, anaanza hapa mjini, na machozi ya mtu sitayaangalia.

Kwenye mfuko kuna gauni lake. Nimelishona mwenyewe, na sisemi lilivyo, nataka anisimulie yeye. Kuna na ile dawa yake ya macho, chupa mpya. Upepo umeshaanza na vumbi la kwetu unalijua. Msiache kumtia.

Mimi wifi yako,
Severina


Iguguno,
11 Juni 2024

Wifi Severina, shikamoo.

Sisi ni wazima. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaona bora nikae.

Masharti nimeyakubali, lakini kwanza ujue kwa nini nilimtoa mtoto shule, maana naona wanaosema hawajui. Mwaka jana alirudi viganja vimevimba. Amechapwa kwa sababu hanakili yaliyo ubaoni. Nikaenda. Mwalimu akanionyesha daftari lake, akasema mvivu huyu, anaandika anayosikia tu, ubao hautazami. Nikamuuliza Edi, akasema, "Mwalimu akisema naelewa, akiandika sielewi." Wifi, mimi nimefika kidato cha nne na nimefundisha chekechea ya parokia, najua kwamba watoto hawafanani. Huyu wangu anajifunza kwa sikio. Basi nikamfundisha hivyohivyo alivyo.

Na njia yenyewe sikuitoa hewani. Marehemu mama yangu alikuwa hatupakulii chakula Jumapili mpaka tusimulie mahubiri. Aliyelala kanisani alilala na njaa. Namsomea Edi ukurasa mara moja tu, sirudii. Anasimama ukutani, anasimulia, akifika mwisho anasema, "Nimemaliza. Uliza." Namuuliza, anajibu. Nikimpa kitabu tulichokwisha kusoma, anakisoma hakosei hata mkato. Haya, huu hapa usimulizi wa wiki hii, juu ya kukamua mafuta, maana baba yake alimpeleka kwenye mashine:

"Mashine ya kukamua inaanza kwa kukohoa, halafu inanguruma. Mbegu zinamwagwa juu, zinalia kama mvua ya kwanza kwenye bati. Ndani kuna chuma kinachozunguka kinazisaga. Ukikaa karibu uso unapata moto. Mafuta yanatoka upande huu, ya moto, yananukia karanga. Mashudu yanatoka upande ule, ukiyashika yanakwaruza, na ng'ombe wanayapenda. Shangazi ameniletea gauni. Ni jipya, linalia likitikiswa. Kola ni laini, kifungo kimoja ni kikubwa kuliko vingine. Linanukia dukani kwake. Nimemaliza. Uliza."

Niambie ni mtoto gani wa darasa la tatu hapo mjini anayesimulia namna hiyo.

Dawa tumeipata, Mungu akubariki. Ukimtia leo, kesho wekundu umekwisha na hajikuni tena. Sijui tungefanyaje bila wewe.

Wifi yako,
Agripina


Singida Mjini,
20 Juni 2024

Agripina,

Nilisema usimpambie.

Mimi nimezeeka lakini sijarukwa na akili. Mtoto wa kike wa miaka tisa anapata gauni jipya la kushonewa, halafu anasimulia linavyolia likitikiswa? Hasemi lina nini, hasemi likoje, hasemi kama amelipenda. Nimekaa kwenye cherehani mpaka kiuno kikakataa, nikachagua kitambaa kile kati ya mizigo yote iliyoingia, halafu naambiwa kifungo kimoja ni kikubwa. Hayo si maneno ya mtoto. Hayo ni maneno ya mtu mzima aliyefika kidato cha nne anayetaka kumfurahisha wifi yake, akaharibu.

Sitaki usimulizi wa mashine tena. Pasaka mlipokuja nilimpeleka Editha Ziwa Singidani, nikamshika mkono mpaka majini. Mwambie asimulie siku ile. Mimi nilikuwepo, nitajua kama ni yeye au ni wewe.

Dawa ya macho nimeongeza chupa nyingine, Gerald anayo mfukoni.

Severina


Iguguno,
2 Julai 2024

Wifi, shikamoo.

Nimeumia, na nitasema kwamba nimeumia. Nimeolewa kwenu mwaka wa kumi na mbili sasa, na sijawahi kuitwa mwongo na mtu wa nyumba hii, hata mama mkwe alipokuwa hai, na ulimi wake uliujua. Kama ungekuja ukakaa na mwanao hata siku moja ungeona aibu kwa uliyoyaandika.

Nimemuuliza habari za ziwani. Nimeandika kila neno, na pale alipokohoa nimeandika kwamba amekohoa. Soma.

"Shangazi alinishika mkono. Mkono wake una pete mbili. Njia ilikuwa ya mchanga, halafu mawe, halafu tope linalonyonya kiatu. Upepo ulikuwa mkali, una chumvi, nililamba mdomo nikaisikia. (Hapa amekohoa.) Ndege walikuwa wengi sana, wanapiga kelele kama watu wa mnadani. Shangazi alisema, ona heroe wale, ona walivyopendeza. Nikasema ndiyo. Wakaruka wote pamoja, mabawa yakasikika kama mtu anakung'uta blanketi. Shangazi akacheka. Tulikula karanga. Nimemaliza. Uliza."

Sikumuuliza kitu, maana ulisema nisiongeze. Sasa niambie kama hayo nimeyatunga mimi ambaye siku hiyo nilibaki nyumbani kwako napika.

Shule zinafunguliwa wiki ijayo. Mtoto haendi popote. Paschal naye amesema hivyohivyo kabla hajaondoka na mashine ya kukamua kwenda Ilongero.

Agripina


Singida Mjini,
9 Julai 2024

Mama Editha,

Naomba unisamehe kwa lile neno. Ni yeye. Habari ya tope na karanga usingeijua.

Lakini sasa nina jambo jingine, na hili linaninyima amani kuliko lile la kwanza. Nimezisoma simulizi zake zote mbili, nikazirudia, nikampa na Hanifa jirani yangu wa duka la pili azisome. Hakuna rangi hata moja. Mafuta ya alizeti yametoka mbele yake na hakusema ya njano. Ziwa zima lilikuwa la waridi siku ile kwa wale heroe, watu walisimamisha pikipiki barabarani kutazama, na yeye anasimulia kelele zao. "Shangazi alisema ona. Nikasema ndiyo." Nimelisoma hilo mpaka nikalikariri.

Nikwambie kitu nisichomwambia mtu. Masikio yangu yalipoanza kufa, nilificha. Watu wakicheka, nacheka. Mtu akimaliza kusema, nasema ndiyo. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nimejidanganya, nikidhani watu siku hizi wanaongea chinichini. Iliendelea hivyo mpaka siku Hanifa aliponiambia kwamba duka lake limeungua nikamjibu hongera.

Ninachokifikiria sitaki kukiandika. Pengine ni uchovu wa mwanamke anayekaa peke yake. Nakutumia vipande vya vitenge, mabaki ya dukani. Kila kimoja kina picha: jogoo, mwavuli, samaki, funguo. Vipange mezani mchana, mlango uwe wazi. Usitie neno. Mwambie tu, "Nisimulie unachokiona." Halafu uniandikie.

Severina


Iguguno,
15 Julai 2024

Wifi,

Sijui naanzia wapi.

Nilivipanga kama ulivyosema. Nilikuwa na hasira bado, nikisema moyoni ngoja nimuumbue huyu wifi. Nikamwita Edi, nikamwambia simulia unachokiona. Akaja akainama. Akavishika kimoja kimoja, akavinusa. Akasema, "Ni vitenge vya dukani kwa shangazi. Hiki kina wanga, hiki kimefuliwa, hiki kimekatwa kwa mkasi butu." Nikasema, na picha? Akavipapasa tena, akasema, "Maua, mama. Vyote vina maua." Kwa sauti ileile, imara, kama anavyosimulia kila siku.

Hakuna ua hata moja, Severina! Jogoo alikuwa mbele ya pua yake, mkubwa kama sahani.

Nilidhani anacheza. Nikakaripia. Nikasimama mlangoni nikanyoosha mkono, nikamuuliza nimeshika nini. Nilishika mwiko. Akasema, "Sema neno kidogo nijue uko wapi." Hapo nikakaa chini hapohapo kizingitini. Nikamuuliza, Edi, kwani hunioni? Akasema, "Naona pakiwa na mwanga kwamba kuna mtu." Tangu lini? Akasema, "Tangu vumbi lilipoanza."

Nikamuuliza vumbi gani. Akasema, na maneno yake ni haya, sijagusa: "Kiangazi si kunakuwa na vumbi, mama. Halafu mvua ikaja, vumbi halikuondoka. Nikadhani mwaka huu limekuwa jingi. Nikadhani wote mnaona vumbi ila mmezoea."

Nikachukua kile kitabu anachokisoma bila kukosea. Nikakigeuza juu chini nikampa. Akasoma ukurasa wote, wifi, hakukosea hata mkato.

Niko naye kila siku. Nalala naye chumba kimoja baba yake akisafiri. Macho yake ni mazuri tu, meusi, sioni doa. Viganja vile vilivyovimba, mwalimu akiniambia ubao hautazami, nami nikajibu huyu anajifunza kwa sikio. Nilijisifu kwa watu! Mwenyekiti wa kijiji alikuja nyumbani nikamsimamisha mtoto ukutani asimulie, watu wakapiga makofi, na mtoto alikuwa amesimama pale haoni mtu hata mmoja kati ya wale waliokuwa wanampigia makofi.

Paschal nimemtumia ujumbe arudi. Nifanye nini?

Agripina


Singida Mjini,
16 Julai 2024

Agripina,

Gerald anasubiri na basi linapiga honi, najua kwa kuwa ananionyesha kwa mikono.

Usilie mbele ya mtoto. Njoo naye kesho, mtafikia kwangu, nitawapeleka hospitali mwenyewe. Mungu wangu, nilimshika mkono pale ziwani nikamwambia ona.

Nimeweka chupa mbili za dawa yake, nimewaambia duka la dawa wanipe ile yenye nguvu. Mtie asubuhi na jioni, usiruke hata mara moja, mpaka mfike kwa daktari. Angalau isizidi kuharibika.

Severina


Dodoma,
25 Julai 2024

Wifi Severina, shikamoo.

Utusamehe hatukufika kwako. Paschal alirudi alfajiri, akapata lori la mafuta linalokwenda Dodoma moja kwa moja, akasema twende hukohuko kwenye hospitali kubwa tusipoteze siku. Barua yako na chupa zilitufikia tukiwa tunapanda.

Tumeonana na daktari wa macho. Kuna upasuaji Jumanne.

Wifi, nilikuwa nimekuandikia barua nyingine kabla ya hii. Niliandika kwamba daktari amesema ni mtoto wa jicho, kwamba hata watoto wadogo unaweza kuwapata, na sababu yake haijulikani. Paschal aliisoma akasema itume hivyo. Nikaifunga. Halafu Edi akaniuliza, "Umemwandikia shangazi usimulizi wa daktari?" Nikasema bado. Akasema, "Basi andika," akasimama kwenye ukuta wa nyumba ya wageni, mikono nyuma, akaanza. Nikaandika. Nimeshindwa kuchana hii, nimeichana ile ya kwanza. Sharti uliliweka wewe, na mtoto analishika kuliko sisi.

"Daktari ni mwanamke, ana sauti ya mafua. Alinimulika taa, nikaiona kama jua nyuma ya pazia. Akasema ukungu umekaa nyuma ya kioo cha jicho, ndiyo maana kwa nje hamkuuona. Akaniuliza kama macho yaliwahi kuniwasha. Nikasema sana. Akauliza, mlitumia dawa gani. Mama akatoa chupa kwenye mkoba. Daktari akauliza, mmetumia kwa muda gani. Mama akasema, tangu ana miaka saba, kila macho yakiwa mekundu. Daktari akapiga meza kwa kiganja, si kwa nguvu. Akasema, dawa hii inaondoa mwasho haraka, lakini si ya kutumia bila daktari. Ikitumika sana inaleta ukungu kwenye jicho, na inapandisha presha ya ndani, na presha inaua mshipa wa kuona. Akauliza, mnaipata wapi. Mama akasema, dukani. Mimi nikasema, kwa shangazi. Mama akanibana mkono. Daktari akasema, muache mtoto aseme. Nikasema, shangazi anatuletea kila mwezi kwa sababu ananipenda. Daktari akasema leo mwisho. Nimemaliza. Uliza."

Sikumuuliza.

Mimi ndiye niliyekuwa namtia, wifi, kwa mkono wangu, namshika kichwa asitikisike. Naomba ujue kwamba hata hilo nalijua.

Agripina


Singida Mjini,
27 Julai 2024

Agripina,

Nimeisoma nikiwa dukani. Kulikuwa na mteja ameshika kitambaa, sijui alienda nacho au alikiacha. Nilifunga mlango nikiwa ndani.

Kila mwezi. Kuna mwezi nilikosa kodi ya fremu ya duka lakini dawa nilinunua. Nilikuwa nawaambia watu, mtoto wa mdogo wangu macho yanamsumbua, mimi ndiye daktari wake. Nilisema hivyo kwa kujisifu, Agripina, na watu wakasema una moyo.

Leo nilikwenda kwenye lile duka la dawa. Kijana anayeniuzia ni yuleyule. Nikaweka chupa juu ya kaunta nikamuuliza, ulijua? Akaongea, akaongea sana, na mikono juu, na mimi sisikii. Nikampa kalamu na karatasi, nikamwambia niandikie unachosema. Akaitazama kalamu. Hakuandika. Akahudumia mtu aliyekuwa nyuma yangu, mama mwenye mtoto mgongoni, na niliona alichompa ni chupa ileile. Nilimnyang'anya yule mama mkononi. Walinitoa nje kama mwendawazimu.

Nakuja Dodoma. Msiponitaka, mtaniambia nikishafika, na mtaandika, maana sitasikia.

Severina


Iguguno,
22 Septemba 2024

Shangazi Severina, shikamoo.

Haya ni maneno yangu, mama anaandika tu. Jina la chini nitaandika mwenyewe. Mama amekuandikia barua mbili na hujajibu. Gerald anasema anakupa na unazipokea. Nimemwambia mama nitakusimulia mimi, labda utajibu.

Ulifika Dodoma Jumapili na mfuko wa machungwa. Ulikaa pembeni ya kitanda changu. Mama alitoka kuchota maji, na mimi nilikuwa nimefumba macho, ukadhani nimelala. Ulisema, "Mungu, sikumtakia mabaya. Nilitaka asijikune. Kama ni lazima mtu alipe, chukua macho yangu, masikio umeshachukua." Shangazi, ulidhani unanong'ona. Wodi nzima ilisikia. Mama wa kitanda cha dirishani akasema amina.

Waliponifanyia upasuaji sikusikia kitu. Walipotoa bandeji niliona mwanga, halafu ukuta, halafu mtu amefunika mdomo kwa khanga. Sikumjua. Aliposema Edi nikajua ni wewe. Nilikuwa nimesahau sura yako. Nilidhani wewe ni mrefu.

Daktari akafunika jicho la kulia akaniuliza naona nini. Nikasema sioni. Akamulika. Akasema ukungu ameutoa kwenye macho yote mawili, lakini la kushoto presha imeshaua mshipa, hilo halitaona tena, la kulia litaona vizuri kwa miwani. Mama akatoka nje. Wewe hukusikia. Uliendelea kutabasamu, unanipungia mkono. Baba akachukua karatasi ya dawa akakuandikia. Ukasoma. Ukaisoma tena. Ukachukua mfuko wako ukaondoka, hukuaga mtu, na machungwa ukaondoka nayo.

Nina miwani sasa. Nimeona mama ana kovu kwenye kidevu. Nimeona kuku wetu, nilikuwa nawajua kwa sauti, yule mlalamishi kumbe ndiye mzuri kuliko wote. Vumbi lipo, lakini kidogo. Mwezi wa kwanza narudi shule, mratibu amesema nitakaa dawati la mbele. Jioni nitaendelea kumsimulia mama, kwa sababu napenda.

Gauni ni la njano. Lina ndege wa bluu, wanaruka kwenda upande mmoja, ila mmoja kwapani ameelekea chini. Pindo umelishona kwa uzi mweusi na limepinda. Nimelipenda.

Nimemaliza. Leo usiulize. Mama anasema aliyesikia naye ni lazima asimulie, la sivyo halijaingia. Ni zamu yako.

EDITHA


Singida Mjini,
30 Septemba 2024

Editha mwanangu,

Marahaba.

Nimesimama ukutani, mikono nyuma, nikaikariri kwanza ndipo nikakaa kuandika. Nasimulia.

Umesema nilikuja na machungwa nikaondoka nayo. Ni kweli, yalioza ndani ya basi. Umesema niliomba nikidhani nanong'ona, na wodi nzima ikasikia, na mtu akasema amina. Umesema bandeji ilipotoka hukunijua mpaka niliposema. Umesema mimi ni mfupi. Umesema mama yako ana kovu la kidevuni na kuku mlalamishi ndiye mzuri. Umesema jicho la kulia linaona kwa miwani. Umesema jicho la kushoto halitaona tena. Hapo niliweka kalamu chini, nikataka kuruka hapo niende kwenye gauni. Nikakumbuka nani aliweka sharti.

Umesema gauni ni la njano, lina ndege wa bluu, mmoja ameelekea chini. Umesema pindo lina uzi mweusi na limepinda. Uzi wa njano uliniishia, nikasema nani ataona. Umesema umelipenda.

Sasa nikukosoe kidogo, kwa kuwa mimi ndiye mkaguzi. Kwenye usimulizi wa Dodoma ulisema dawa ilitoka kwa nani. Kwenye huu umeruka. Barua nzima umeizunguka hiyo dawa kama mtu anayezunguka mtu aliyelala. Umepunguza, mwanangu. Najua kwa nini, na nimelia mpaka Hanifa akaja kutoka duka la pili, ingawa mimi nilidhani nalia kimyakimya.

Narudisha mahali pake ulichoruka. Dawa niliituma mimi.

Nimemaliza. Uliza.

Shangazi yako,
Severina